Mkono wa Mhunzi: Pete na Vikuku vya Chuma vya Wamaasai



Kuna hadithi wanayosimuliwa watalii kila gari linaposimama Kitengela likielekea Namanga: eti vikuku na pete za chuma za Wamaasai vilianza na nyaya za telegrafu zilizoibwa kando ya reli ya Uganda. Hadithi hii inachekesha, ndiyo maana haifi. Leo nataka tuizike.

Tuanze na tarehe. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899. Msafiri Joseph Thomson alipita Umaasaini mwaka 1883 na 1884. Wapagazi wake walibeba nini? Shanga, nguo na mizigo ya seng'enge, yaani waya. Wafanyabiashara wa Pwani kama Jumbe Kimameta, walioijua nchi hii kabla ya Thomson, walifahamu vyema kuwa asiye na waya wala shanga hapewi njia. Soko la mapambo ya waya lilikuwa limekomaa kabla taruma la kwanza halijalazwa. Kwamba Wanandi walikata nyaya za telegrafu, sibishi. Lakini mwizi wa unga hakuvumbua upishi.

Wapo wabishi werevu zaidi. Hao husema: haya, si reli, ni misafara, waya ulikuja tayari, Mmaasai akauvaa. Hapa ndipo ninapokosa subira. Itazameni surutia, pambo la shaba la mwanamke aliyeolewa. Waya umezungushwa kuanzia katikati, mzingo ukigusa mzingo, hata ukucha haupiti. Kisha waya huohuo unavuka kwenda kuzungushwa upande wa pili. Shaba isiyotiwa moto vizuri ingepasuka kwenye kona za ndani. Na shanga tunazozisifu zilitoka Venisi na Bohemia, lakini sijamsikia mtu akiuita ushonaji wa mama zetu sanaa ya Italia. Mbona waya uhukumiwe peke yake?

Jibu limo katika kitabu ninachokipenda kuliko vyote kwenye rafu yangu, cha A. C. Hollis, kilichochapishwa Oxford mwaka 1905. Hollis alikuwa afisa wa serikali ya kikoloni, lakini alikuwa na sikio: alinakili masimulizi kwa Kimaasai chenyewe. Humo tunawakuta Ilkunono, wahunzi wa Kimaasai. Watu wengine hawakuoana nao. Aliyepokea mkuki au upanga kutoka kwao alipaka mkono mafuta kwanza, asije akagusa kwa mkono mtupu kilichotoka kwa mhunzi. Fikirini: moran anaringa na mkuki huohuo manyatta nzima, na aliyeufua hatakiwi kutajwa. Basi msafiri alipouliza pambo limetoka wapi, aliambiwa habari za waya, si habari za mtu.

Ukimya huo upo hata leo. Nyuma ya soko la Kitengela nilimkuta kijana akizungusha waya wa alumini kwenye bomba, akiukata kwa patasi na kuziba pete kwa nyundo ndogo. Nikamuuliza kama kwao kulikuwa na wahunzi. Akasema niilipie pete kwanza, ukoo tutauzungumza baadaye. Nililipa. Ukoo hakuutaja.

Mtaniambia kuwa mapambo mengine yalitoka kwa majirani. Ni kweli. Mtafiti Lindblom alieleza minyororo myembamba ya Wakamba, na mtafiti mwingine, Routledge, akaeleza, mwaka 1910, jinsi Wakikuyu walivyoyeyusha chuma kutoka kwenye mchanga. Kitengela yenyewe imepakana na Machakos, na biashara haikungoja ramani. Nayakubali yote hayo, na bado nashikilia neno langu: pambo la chuma au shaba la Kimaasai ni kazi ya Ilkunono kwanza, na msafara uliwaongezea malighafi tu.

Kwa hiyo nawaomba wenye makumbusho, maduka na vitabu vya shule: mnapoandika chini ya surutia kwamba ni ya Wamaasai, ongezeni kwamba imefuliwa na Ilkunono. Ni neno moja tu, nao wamelidai kwa zaidi ya miaka 100.