REJETA INAYOVUJA NI MALI YA USHIRIKA INAYOMWAGIKA

(Mazungumzo ya Katibu katika mkutano wa wanachama, Kabwe)



Tumeombwa mazungumzo haya yaandikwe hapa ukutani, ili na wale waliokuwa ziwani siku ya mkutano wayapate. Asiyejua kusoma asomewe na mwenzake. Sisi wenyewe tulijifunza herufi ukubwani, darasa la ngumbaru, kwa hiyo hatumcheki mtu.

Habari yenyewe ni lori letu. Wote mnaona limesimama. Wengine wanasema limerogwa, wengine wanasema dereva alilewa. Si kweli, jamani. Lori limeuawa na tundu dogo la rejeta, na waliolijua tundu hilo wakalinyamazia ni sisi kamati. Leo tunasema yote.

Kwanza tuelewane rejeta ni kitu gani. Injini inapochoma mafuta hutoa joto kali. Maji huzunguka ndani ya injini kulibeba joto hilo, na pampu huyasukuma mpaka kwenye rejeta kule mbele. Rejeta ina vibomba vyembamba vingi. Feni na upepo wa mwendo huyapoza maji, kisha yanarudi kazini. Maji yakipungua, joto linakosa wa kulibeba. Silinda hedi inapinda, gasketi inaungua, na mwisho injini inanoki.

Sasa tazameni safari yetu. Ziwa Tanganyika liko mita kama 770 juu ya usawa wa bahari. Sumbawanga iko mita kama 1,800. Maana yake kila mzigo wa dagaa tunaupandisha mita 1,000 hivi. Mlimani gari linakwenda kwa gia ya kwanza na ya pili, injini inakoroma, na upepo hautoshi kwa sababu mwendo ni mdogo. Tena huko juu maji huchemka mapema. Pwani ya bahari huchemka kwa digrii 100, Sumbawanga kwa digrii kama 94. Ndiyo maana mfuniko wa rejeta una springi: unabana mvuke ndani ili maji yasichemke upesi. Rejeta ikivuja, au mfuniko ukilegea, hakuna kubana tena. Basi lori linalotembea vizuri hapa kijijini linachemsha likianza kupanda.

Ilikuwaje kwetu? Dereva aliona matone chini ya gari asubuhi, akatuambia. Tukauliza bei ya kuchomelea. Ilikuwa kama malipo ya mizigo ya safari moja tu. Sisi tukasema, "Aah, linaenda tu, ongeza maji." Tukanunua madumu mawili, baadaye yakawa manne. Maji tukachota ziwani. Mnajua birika linalochemshiwa maji ya ziwa linavyoota ukoko mweupe. Ukoko uleule uliota ndani ya rejeta.

Kisha mtu akatushauri tutie bizari. Ikatiwa, na tundu likaziba kweli. Tulishangilia. Lakini bizari haina macho. Inaziba tundu, na vibomba vizima navyo inaviziba. Haba na haba hujaza kibaba, lakini haba na haba pia hukimaliza kibaba.

Siku ya siku, kwenye mlima wa kuelekea Lyazumbi, mvuke ukafumuka. Geji ya joto ilikuwa imekufa siku nyingi, na hilo pia tulilijua. Utingo wetu, kijana mwenye bidii, akarukia mfuniko akaufungua. Maji ya moto yakamrukia kifuani na mkononi. Dereva kwa hofu akamwaga maji baridi kwenye injini iliyokuwa moto, hedi ikapasuka. Migebuka ya akina mama ikaozea pale njiani, barafu ikiyeyuka mbele ya macho yao. Kijana amepona, lakini mkono haujanyooka sawasawa. Matengenezo yamekula faida ya msimu mzima.

Wazee wanakumbuka mwanzo wa miaka ya 1980, vipuri vilipokuwa adimu nchi nzima. Wakati ule gari likilala kwa kukosa kifaa, mtu alieleweka. Leo kifaa kipo na fundi yupo. Sisi tulikosa nia tu.

Ndugu wanachama, haya ndiyo tuliyojifunza, na tunaomba kila dereva na utingo ayashike:

1. Kila asubuhi, kabla injini haijawashwa, angalia maji na angalia chini ya gari. Tone lolote liandikwe kwenye daftari.

2. Tafuta linakotoka. Pengine si rejeta. Huenda ni mpira uliochanika, kibanio kilicholegea, pampu, au mfuniko. Alama ya ukoko au kutu huonyesha njia ya maji.

3. Gari likichemsha, simama, zima injini, ngoja. Nusu saa si nyingi. Usiguse mfuniko mpaka mpira wa juu uwe umepoa. Hata hapo tumia kitambaa kinene, zungusha kidogo, acha mvuke utoke wote kwanza.

4. Maji yatiwe polepole injini ikiwa imepoa. Ukiona mafuta ya injini yamegeuka rangi ya chai ya maziwa, usiwashe tena. Maji yameingia kwenye mafuta.

5. Bizari, yai na unga ni vya kukutoa porini tu. Ukifika kwa fundi, mwambie ulichotia ili aisafishe.

6. Rejeta za zamani za shaba huchomelewa kwa risasi. Hizi mpya za aluminiamu zenye vichwa vya plastiki hazikubali risasi hiyo. Muulizeni fundi kabla ya kulipa.

7. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri ni bora kuliko ya ziwani. Kulanti, yale maji ya rangi ya dukani, ni bora zaidi, ila ni sumu na ina utamu. Isiachwe mahali pa watoto wala mbuzi.

Sasa tuje kwenye haki. Kamati imekaa na inaleta kwenu mapendekezo matatu. Moja, pesa ya kwanza itakayopatikana lori likirudi barabarani iwalipe akina mama samaki wao na ilipe matibabu ya kijana. Mbili, posho za vikao za kamati zisimame mpaka deni hilo liishe, na za Katibu zikiwa za kwanza. Tatu, kila safari itengewe fungu la matengenezo, na fungu hilo lisiguswe kwa jambo jingine hata Mwenyekiti akiomba.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tuliusema msemo huu mikutanoni miaka mingi, na ufa ukawa unadondoka mbele ya ofisi yetu kila asubuhi, tukiuruka kwa mguu tukiingia kikaoni.

Mkutano ujao mtapiga kura juu ya mapendekezo haya. Daftari la lori litawekwa mezani, kila mwanachama alifungue alisome. Na yule utingo tumemwomba akae mbele pamoja nasi, aulize la kwanza.

Ushirika ni nguvu.