Randa kwa Picha

Zana ya mkono iliyokwisha kutumika hujulikana kwa kushikwa. Fundi akiinua randa, uzito wake, mlio wake ikigongwa kwa kidole na makali ya kisu chake humweleza habari zake zote kabla bei haijatajwa. Kwenye soko la mtandaoni mkono haufiki. Kinachofika ni picha moja iliyopigwa jioni juu ya kapeti, na maneno machache chini yake: "Randa ya chuma, hali nzuri, maongezi yapo." Kwa fundi wa kisiwa cha Mafia, picha hiyo ndiyo duka zima. Randa yenyewe iko Gerezani au Kariakoo, Dar es Salaam, na kati ya Kariakoo na Kilindoni kisiwani kuna barabara ya Kilwa, njia ya kuingia Nyamisati, kisha bahari.

Kisiwani zana hizi hazikosi kazi. Jibondo na Chole ni visiwa vyenye jina kwa uundaji wa mashua na majahazi, kazi ya kuchonga mataruma, kulinganisha mbao na kukalafati kwa pamba. Hata hivyo tezo, zana kuu ya muunda chombo, haionekani sana kwenye matangazo. Tezo hufuliwa na mhunzi, mara nyingi kutoka kwenye springi ya gari, na mpini wake hufuata mkono wa mwenyewe. Tezo ya mtu mwingine ni kama kiatu cha mtu mwingine. Kinachouzwa mtandaoni ni kilichotoka kiwandani: randa, patasi, misumeno, jiriwa, tupa na spana. Randa za zamani zenye majina ya Stanley na Record ndizo zinazotafutwa zaidi. Zana nyingine za Uingereza zimekuja kwa mkono wa hisani. Tools for Self Reliance, shirika lililoanza huko mwishoni mwa miaka ya 1970, hukusanya zana zilizoachwa na wenyewe, huzifufua na kuzipeleka Afrika, Tanzania ikiwemo.

Zana ya mkono ina neema yake: haina habari na umeme. Dreli iliyotengenezewa soko la Japani hutaka volti 100. Ikichomekwa kwenye volti 230 za Tanzania, kinachobaki ni harufu.

Picha ya tangazo husomwa kwa kuanzia na kile isichoonyesha. Randa hupigwa picha kutoka juu, kwa sababu juu ndiko kunakopendeza, kwenye vishikio vya mbao vilivyopakwa vanishi. Uzima wake uko chini. Mwili wa randa ya chuma ni chuma cha kusubu, kigumu lakini chepesi kupasuka. Ikianguka sakafuni mara moja huweza kupata ufa mdomoni, pale kisu kinapotokeza, na ufa huo hauonekani kutoka juu. Picha ya pili ya kuomba, basi, ni ya tumbo la randa. Ya tatu ni ya kisu kikiwa kimechomolewa, kimewekwa kando ya rula. Kisu hupungua kila kinaponolewa, na kilichobakiza sentimita mbili za chuma kizuri ni gharama nyingine inayomsubiri mnunuzi. Rula hiyohiyo humaliza ubishi wa ukubwa. Muuzaji huandika "randa kubwa", wakati namba 4 ya Stanley ina urefu wa kama sentimita 24 na namba 5 kama sentimita 35, na anayenyoosha ubavu wa ubao wa mashua anajua tofauti yake.

Patasi husomwa kwa rangi. Ncha yenye buluu au zambarau iliungua kwenye jiwe la mota. Chuma chake kimelegea, na makali hayatakaa mpaka sehemu ile iondolewe yote. Wauzaji wengi hawajui hili, na wengine huona ile buluu ni urembo. Msumeno hupigwa picha kwa ubavu, ukielekezwa dirishani, ili mkunjo wa bamba uonekane. Meno butu si hoja kubwa, kwa kuwa tupa ya pembe tatu huyarudisha. Bamba lililopinda ni shida nyingine kabisa. Kuhusu kutu, ile nyekundu inayofutika kwa msasa ni vumbi tu, ila iliyochimba vishimo karibu na makali haiponi. Pwani ya Mafia, yenye upepo wa chumvi, chuma kisichopakwa mafuta huanza kushika kutu mapema.

Matangazo hukaa Jiji, kampuni iliyochukua biashara ya OLX nchini mwaka 2019, na kwenye kurasa za Facebook. Mapatano yenyewe hufanyika WhatsApp. Huanza na "Bado ipo?", hufika "Mwisho shilingi ngapi?", na mara nyingi hufia hapo. Yakiendelea, linakuja suala la nani atangulize. Tapeli hutambulika kwa haraka yake: wateja ni wengi, tuma nusu nikuwekee. Usajili wa laini kwa alama za vidole umewabana matapeli lakini haukuwamaliza, na meseji zao hupelekwa namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Dawa ya watu wa visiwani ni ya zamani kuliko simu. Ni ndugu aliyeko Dar es Salaam, mpwa au shemeji wa Mbagala, anayekwenda kuishika ile randa, kuipiga picha tumboni, na kulipa pale pale. Soko la mtandaoni, kwa Mafia, bado linasimama juu ya miguu ya shemeji.

Jicho la kusoma picha husaidia pia kwenye mali ya wizi. Mafundi huchonga herufi kwenye mipini, na mpini uliokwanguliwa sehemu moja tu una neno la kujibu. Kanuni ya Adhabu humgusa anayepokea mali akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kuwa imeibwa.

Mafia nayo huuza. Mara nyingi ni sanduku la marehemu. Watoto hawakurithi ufundi, hawajui majina ya vilivyomo, na hutangaza "vifaa vya useremala, vyote pamoja" kwa bei moja. Hilo ni kosa la gharama. Mnunuzi wa mjini huona kwenye kona ya picha randa moja yenye thamani kuliko sanduku zima, akanyamaza, akalipa. Fundi jirani, akiitwa kabla ya tangazo, huweza kutenganisha kila kitu kwa saa moja.

Mzigo unaovuka, uende au urudi, hufungwa kwa kuogopa maji. Kisu cha randa hurudishwa ndani, ncha ya patasi huvishwa kipande cha mpira wa baiskeli, chuma chote hupakwa mafuta na kuzungushiwa gazeti, kisha nailoni, kisha kiroba. Jina na namba ya simu huandikwa pande mbili kwa kalamu nene, moja kwa ajili ya konda wa basi na nyingine kwa ajili ya gati la Kilindoni.