Baada ya Utepe Kukatwa

Haya ni mazungumzo ya Afisa Habari wa Halmashauri ya Wilaya mbele ya wanachama wa Klabu ya Rotary ya mjini kwetu, katika mkutano wao wa kawaida, baada ya klabu hiyo kuwasilisha kusudio la kujenga vyoo katika gulio. Tunayachapa kwa manufaa ya wasomaji ambao hawakuhudhuria.

    

Barua yenu ya mwaliko ilinitaka nizungumzie mawasiliano kati ya Halmashauri na vikundi vya huduma. Ni mada pana, na mtu wa taaluma yangu anaweza kuizungusha hadi chakula kikapoa. Lakini katika faili hilo hilo nilikuta kusudio lenu la kujenga vyoo katika gulio letu, na nikaona kwamba mada nzima imo humo. Kwa hiyo naomba radhi mapema: jioni hii nitazungumzia choo, tena kabla ya chakula.

Wengi wenu mnaifahamu historia ya chama chenu kuliko mimi. Niwakumbushe tu wageni waliomo humu. Tarehe 23 Februari 1905, wakili mmoja wa mji wa Chicago, Marekani, jina lake Paul Harris, alikutana na wenzake watatu katika ofisi ya mmoja wao. Walikubaliana kukutana kwa zamu, leo ofisini kwa huyu, kesho ofisini kwa yule, na kutokana na kuzunguka huko jina la Rotary likapatikana. Mwanzoni walitafuta urafiki na kusaidiana katika biashara zao. Huduma kwa watu wengine ilikuja baadaye kidogo.

Na ilipokuja, ilianza na nini? Ilianza na choo. Mwaka 1907 klabu ile ya Chicago ilianza kuushawishi uongozi wa jiji ujenge vyoo vya umma katikati ya mji. Pendekezo hilo lilipingwa. Wenye biashara ya bia walisema vyoo vimejaa tele katika mabaa yao, na wenye maduka makubwa wakasema wanawake wana vyoo madukani. Waliyoyasema yalikuwa kweli, ila kweli hiyo ilikuwa na bei yake: aliyebanwa na haja alipaswa kwanza kuingia kwa mfanyabiashara kama mteja. Klabu haikukata tamaa. Iliviunganisha vikundi vingine vya mji, ikaendelea kubisha hodi kwa wakubwa wa jiji, na mwishowe vyoo vikajengwa.

Naomba tuizingatie namna walivyofanya. Hawakujitwika mzigo wa jiji mabegani mwao. Walilifanya jiji litimize wajibu wake, wao wakiwa bega kwa bega nalo.

Ndugu zangu, hoja ya wenye mabaa wa Chicago ipo hata katika gulio letu. Ukiuliza choo kiko wapi, utaonyeshwa hoteli ya chakula, na ukifika utaulizwa umekula nini. Mwanamume hupotelea nyuma ya ukuta. Mwanamke aliyeketi na bidhaa zake tangu alfajiri hana ukuta wa kupotelea.

Hili silisemi kwa kusimuliwa. Mama yangu alikuwa mchuuzi wa vitunguu na maharage katika magulio ya tarafa yetu. Aliondoka nyumbani kabla ya jogoo wa pili na kurudi jua likizama, na siku nzima hakunywa maji. Nilipokuwa mdogo nilidhani mama hapendi maji. Nilishakuwa mtu mzima, nikimsindikiza hospitali kwa maradhi ya njia ya mkojo yaliyomwandama miaka mingi, ndipo nilipomsikia akimweleza mganga: "Gulioni hakuna pa kwenda, mwanangu, basi unajizuia." Tangu siku hiyo, kila ninaposoma neno miundombinu katika taarifa zetu, huona kidumu cha maji kilichorudi nyumbani kikiwa kimejaa kama kilivyoondoka.

Choo cha soko kina uzito mwingine ambao chama chenu kinaufahamu vyema. Mwaka 1985 Rotary ilianzisha mpango wa PolioPlus wa kupambana na ugonjwa wa kupooza. Mwaka 1988 Shirika la Afya Duniani lilipitisha azimio la kuutokomeza ugonjwa huo, na mashirika kadhaa, chama chenu kikiwa miongoni mwao, yakaungana katika kazi moja. Wakati huo ugonjwa ulikuwa ukiwapata watoto wapatao 350,000 kila mwaka, katika nchi zaidi ya 125. Tarehe 25 Agosti 2020 Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilitangazwa kuwa haina tena virusi vya polio vya asili.

Lakini Februari 2022 jirani zetu wa Malawi walitangaza mgonjwa mmoja mjini Lilongwe, na uchunguzi ukaonyesha kuwa kirusi kile kilikuwa na nasaba na kilichokuwa kikizunguka Pakistani. Mtoto mmoja tu. Na nchi tano za ukanda huu, yetu ikiwamo, zikaingia katika kampeni za chanjo. Mnakumbuka wahudumu wakipita nyumba kwa nyumba na vibebeo vyao vya baridi, wakidondosha matone mawili katika kinywa cha kila mtoto wa chini ya miaka mitano.

Kirusi cha polio hutoka mwilini kwa njia ya haja kubwa na kuingia kwa njia ya kinywa, kupitia maji, chakula na mikono michafu. Kipindupindu na homa ya matumbo hupita njia hiyo hiyo. Chanjo humkinga mtoto. Choo na maji ya kunawa huifunga njia yenyewe. Gulio linakusanya watu wa kata nyingi kwa siku moja, kisha wakatawanyika kila mtu na alichobeba. Penye mkusanyiko wa namna hiyo pasipo na choo, kila kijiji kimekaribisha kinyesi cha kijiji kingine.

Sasa naomba niseme jambo linalonihusu mimi mwenyewe, na si jepesi kulisema.

Miaka michache iliyopita nilitumwa kuandika habari za makabidhiano ya vyoo vya wasichana katika shule moja. Wafadhili walikuwa wema, kazi ilikuwa nzuri: matundu kadhaa, tangi la kuvunia maji ya mvua, chumba cha kujisitiri kwa mabinti walio katika hedhi. Utepe ulikatwa, ngoma ikachezwa, nikapiga picha. Habari ile ilitoka ukurasa wa mbele wa jarida hili. Nilisifiwa kwa picha ile.

Mwaka uliofuata nilipita shuleni pale kwa shughuli nyingine. Vyoo vilikuwa vimefungwa kwa kufuli. Mabinti walikuwa wakipanga foleni kwenye choo cha zamani cha shimo, kile kile ambacho hotuba zote za siku ile zilikuwa zimekilaani. Niliuliza kulikoni. Nikaambiwa kuwa mfereji wa bati unaoingiza maji tangini ulianguka kwa upepo, tangi likakauka, vyoo vya kumwaga maji vikaziba, na mwalimu akaona afadhali avifunge visije vikaharibika kabisa. "Tunavitunza," aliniambia, "kwa ajili ya wageni."

Matengenezo ya mfereji ule hayakufikia bei ya mbuzi mmoja. Fedha hiyo haikuwa katika bajeti ya shule, kwa kuwa vyoo vilihesabiwa kuwa vya wafadhili. Wafadhili nao walishavikabidhi, kwa hiyo walihesabu kuwa ni vya shule. Kata haikuwa na taarifa. Na mimi, mwenye kazi ya kuhabarisha, nilikuwa nimeifunga habari siku ya utepe. Baada ya pale hapakuwa na mtu aliyeandika neno.

Nimeisimulia habari hii si kwa kumsuta mwalimu wala mfadhili. Mfereji ulirudishwa baada ya Kamati ya Shule kuelezwa, na mabinti wakapata choo chao. Nimeisimulia kwa sababu kusudio lenu, kama nilivyolisoma, lina michoro mizuri na makisio mazuri ya ujenzi, lakini halina ukurasa unaoeleza siku ya pili baada ya utepe kukatwa. Kwa ruhusa yenu, nitaja mambo matatu ambayo yangeingia katika ukurasa huo.

La kwanza ni wakati. Mwaka wa Rotary huanza tarehe 1 Julai. Mwaka wa fedha wa Serikali nao huanza tarehe 1 Julai. Tuna kalenda moja, ila tumekuwa tukiitumia kwa kupishana. Klabu hupanga miradi yake Rais mpya anapoingia Julai, wakati bajeti yetu imekwisha kupitishwa na Baraza la Madiwani, na hapo hakuna tena kifungu cha mshahara wa mfanya usafi wala cha kulipia gari la kunyonya majitaka. Mipango yetu huanzia chini, katika vijiji na Kamati ya Maendeleo ya Kata, miezi mingi kabla ya Julai. Rais wenu mteule hujulikana mapema. Aje mezani wakati huo, ili jengo lenu na kifungu chetu vizaliwe pamoja.

La pili ni watumiaji. Kabla ya mchoro kuwa wa mwisho, tuketi na kamati ya soko, na wachuuzi wanawake wawe wengi katika kikao hicho. Chama chenu kiliwafungulia wanawake milango duniani kote mwaka 1989, na akina dada waliomo humu wanayajua maswali ambayo mhandisi anaweza kuyasahau. Komeo liko upande wa ndani? Kuna ndoano ya kutundika mkoba, au mama auweke sakafuni? Kuna chombo chenye kifuniko cha kutupia taulo za kike? Mwenye kiti cha magurudumu atapandaje? Mama mwenye mtoto mgongoni atageukia wapi? Ni mambo madogo kwa gharama, lakini ndiyo yanayoamua kama mtu ataingia au ataendelea kujizuia.

La tatu ni maandishi. Tuwe na hati ya makubaliano ya kurasa chache, kwa Kiswahili ambacho kila mjumbe wa kamati ya soko anakielewa. Ioneshe jengo ni mali ya nani tangu siku ya makabidhiano. Nani anashika ufunguo. Nani analipwa kwa usafi na kwa fedha ipi. Kama kutakuwa na ada, ni kiasi gani, inakusanywaje kwa stakabadhi, na sehemu gani inawekwa akiba kwa siku ambayo shimo litajaa. Maana shimo litajaa. Hakuna hotuba inayolizuia shimo kujaa. Mapato na matumizi yabandikwe kwenye ubao wa matangazo hapo hapo sokoni, ili mchuuzi aliyetoa shilingi zake aione njia ziliyopita.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni akiondoka, mwenyeji hubaki na nyumba yake, na lazima aijue nyufa zake mwenyewe. Sisi wa Halmashauri tumekuwa wepesi wa kuhudhuria makabidhiano na wazito wa kufuatilia yaliyokabidhiwa. Nalisema hili hadharani kwa kuwa nami ni mmoja wao, na kwa kuwa nyinyi mna utaratibu wa kujipima kwa maswali manne, la kwanza likiwa kama jambo ni la kweli. Nimeona si adabu kuketi mezani kwenu nikalikwepa swali hilo.

Mimi si Mkurugenzi wala si diwani; siwezi kuwaahidi fedha. Ninaweza kuahidi kilichomo katika kazi yangu. Vyoo vya gulio vikijengwa, nitakuja siku ya utepe kama kawaida, na picha nitapiga. Baada ya miezi sita nitarudi na kamera ile ile, siku ya gulio, bila kumwarifu mtu. Nitaandika nilichokikuta: kama mlango umefunguka au umefungwa, kama maji yanatoka au hayatoki, na kama ubao wa matangazo una hesabu ya mwezi huo. Habari hiyo itapewa nafasi ile ile iliyopewa utepe. Nimekwisha kumwomba mkuu wa kitengo changu ruhusa, naye ameikubali kwa maandishi.

Mama yangu ameacha biashara, miguu imechoka. Lakini nafasi yake gulioni ina mtu, mwanamke wa umri aliokuwa nao yeye wakati ule, mwenye vitunguu na kidumu cha maji kando yake. Wiki iliyopita nilinunua kwake. Kidumu kilikuwa kimejaa, na ilikuwa yapata saa tisa mchana.

 Karibuni ofisini wakati wowote tuanze kuuandika ukurasa ule uliokosekana.