Mashine ya Kupima Damu na Hesabu Inayoichunga
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Nimeombwa niseme jinsi hesabu ya takwimu na kompyuta zilivyoingia katika maabara za kemia. Jambo hili ni pana mno, nami nitashika tawi lake moja, yaani maabara ya hospitali, ambamo damu hupimwa sukari, chumvi na mengineyo. Kila mmoja wetu, au mzazi wake, au mtoto wake, ipo siku atakayonyosha mkono adungwe sindano, kisha aletewe karatasi yenye tarakimu. Daktari hukadiria dawa kwa tarakimu ile. Ikiwa si ya kweli, mgonjwa wa sukari aweza kupewa insulini asiyoihitaji, na jambo hilo laweza kumwua.

Wengi hudhani kwamba takwimu zililetwa maabara na kompyuta. Sivyo, hesabu ilitangulia. Mwaka 1908 William Sealy Gosset, aliyesomea kemia na kuajiriwa katika kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin, alichapisha makala kwa jina la kujificha, "Student". Swali lake lilikuwa la mtu wa kazi: nikiwa na vipimo vichache tu, niuamini wastani wake kwa kadiri gani? Mwaka 1924 Walter Shewhart, aliyefanya kazi katika kampuni ya vyombo vya simu huko Marekani, akachora chati yenye mstari wa katikati na mipaka juu na chini, ili ijulikane lini kazi imeharibika na lini inayumba kwa kawaida yake.

Hospitali zilichelewa. Mwaka 1947 Belk na Sunderman walitangaza habari za jaribio lililofanywa katika jimbo la Pennsylvania: sampuli za namna moja zilipelekwa katika maabara nyingi, na majibu yakarudi yamepishana vibaya. Mwaka 1950 Levey na Jennings wakaiingiza chati ya Shewhart katika maabara za hospitali.

Chati yenyewe si ngumu. Huchukuliwa majimaji ya damu ambayo kiasi cha sukari yake chajulikana, yakapimwa kila siku pamoja na damu za wagonjwa. Baada ya siku 20 au zaidi hutafutwa wastani, na kadiri vipimo vinavyozoea kuachana na wastani huo. Kadiri hiyo tuiite hatua. Tuseme wastani ni 100 na hatua ni 3. Mashine ikiwa nzima, vipimo kama 95 katika 100 vitaangukia kati ya 94 na 106, na kama 3 tu katika 1,000 vitatoka nje ya 91 na 109. Kwa hiyo 107 ya siku moja haitoshi kuihukumu mashine. Mtu akisimamisha kazi kila kipimo kitokapo nje ya 94 na 106, atasimama karibu mara moja katika siku 20 bila sababu. Na baada ya miezi michache atazoea kutojali hata onyo la kweli.

Mwaka 1957 kampuni ya Technicon ilianza kuuza mashine iliyobuniwa na Leonard Skeggs wa Cleveland. Ndani yake sampuli zilipita katika mirija myembamba kama kijito, na mapovu ya hewa yakazitenga zisichanganyikane. Baadaye kompyuta zikapewa kazi ya kusoma, kukokotoa na kuandika. Faida yake sisi makarani twaijua upesi: kompyuta hainakili 61 mahali pa 16, wala haichoki saa tisa alasiri.

Lakini mtu aliyechoka hukosea damu moja. Mashine yenye kemikali iliyochakaa hukosea damu zote za asubuhi ile, tena kwa chapa safi ambayo hakuna anayeitilia shaka.

Hapo ndipo penye jaribu. Kipimo cha kuichunga mashine kimetoka 110. Wagonjwa wanangoja, na daktari amepiga simu mara mbili. Mfanyakazi hupima tena, na tena, hata ipatikane 105. Akaiandika hiyo na kuzifuta za kwanza. Mabwana, hilo halina tofauti na karani aliyetia shilingi mbili za uongo ili daftari lisawazike. Ukirudia mara nyingi, hata mashine mbovu itapita mara moja.

Mwaka 1981 James Westgard na wenzake walitangaza sheria kadhaa zinazotumiwa pamoja. Kipimo kimoja kikivuka hatua 3, majibu yazuiwe. Viwili vikifuatana vikavuka hatua 2 upande mmoja, yazuiwe. Iliyonipendeza zaidi ni hii: vipimo 10 vikifuatana upande mmoja wa wastani, yazuiwe, ijapokuwa hakuna hata kimoja kilichovuka mpaka. Ni kama kurusha sarafu mara 10 ikaangukia upande uleule. Kwa bahati tu hutokea mara 1 katika 512.

Kompyuta yaweza kuzishika sheria hizi na kuyazuia majibu yenyewe. Yanayofuata ni ya watu. Kemikali ibadilishwe, mashine irekebishwe, vipimo vyote vibaki daftarini pamoja na vile vibaya. Kisha wagonjwa waliopewa majibu tangu kipimo cha mwisho kilichokuwa sawa watafutwe, damu yao iliyobaki ipimwe upya, na habari ifike wodini kabla ya dawa ya jioni.

Chati niliyoichora ipo mezani, Bwana Mwenyekiti; mwenye swali na aulize.