Efa Ndogo na Pakiti ya Mafuta

Asubuhi ya leo tufungue kitabu cha Amosi, sura ya 8, mstari wa 4 hadi wa 6.

Amosi alikuwa mchungaji kutoka Tekoa. Katika karne ya 8 kabla ya Kristo alitumwa kwa Israeli, wakati nchi ilipokuwa na mali nyingi, akawashtaki wafanya biashara wa nafaka kwa jambo ambalo mama yeyote aendaye dukani atalielewa. Efa, kipimo cha nafaka cha kama lita 22, waliipunguza. Shekeli, jiwe la kupimia fedha lenye gramu 11 hivi, waliliongeza uzito. Mnunuzi alitoa zaidi akapewa kidogo.

Siku hizi viwanda vinatengeneza pakiti ndogo ndogo za mafuta ya kupikia, sabuni ya unga na majani ya chai. Watu huziita kadogo. Hatusemi kwamba ni dhambi. Kibarua alipwaye jioni hawezi kununua kopo la kilo nzima. Pakiti hiyo ndiyo inayowalisha watoto wake usiku ule. Wanaomcheka ati hajui hesabu hawajawahi kulipwa kwa siku.

Lakini hebu tuipige hesabu yenyewe. Tuseme kopo la kilo 1 ni shilingi 400, na pakiti ya gramu 50 ni shilingi 25. Pakiti 20 ndizo kilo moja, nazo ni shilingi 500. Aliye na kidogo amelipa shilingi 100 kuliko mwenye nacho, kwa mafuta yale yale. Na akikopa kwa simu ili ainunue hata hiyo pakiti, ada ya mkopo yaongezwa juu yake.

Tena kuna pakiti ipunguayo kimya kimya. Rangi ni ile ile, bei ni ile ile, bali gramu zimeshuka. Uzito umeandikwa, kwa herufi ndogo karibu na mkunjo. Tuusome, na akina baba pia, hasa baba atoaye pesa za matumizi na kuuliza jioni zimekwenda wapi.

Twaona kwamba Amosi hakuwakemea maskini kwa kununua vibaya. Alisema na wauzaji. Baadhi yao huketi nasi kanisani: mwenye duka, karani wa kiwandani, msimamizi wa ghala. Ndugu, neno hili ni lenu kwanza.

Nasi wengine tuna la kufanya. Nyumba tano za jirani zaweza kuchanga, zikanunua mtungi wa lita 20 kwa bei ya jumla, zikagawana. Wasioweza kuchanga kwa mara moja watoe kidogo kidogo kila jioni hadi mtungi ufikie. Kikombe cha kugawia kiwe kimoja, kikae kwa mama ambaye nyumba zote tano zinamwamini.