Ndugu Aliyelegea Karibu na Mwisho

 

Leo twataka kuzungumza habari ya mchezo usiojulikana sana kwetu Kenya, ingawa nchi yetu ni nchi ya wakimbiaji. Mchezo huo huitwa triatloni. Mshindani huanza majini, akaogelea meta 1,500. Akitoka hapo hupanda baiskeli na kwenda kilomita 40, kisha huishuka na kukimbia kilomita 10. Yote hufuatana bila mapumziko, na saa haisimami hata wakati wa kuvaa viatu. Mchezo huu ulianza San Diego, Marekani, mwaka 1974, ukaingia katika Michezo ya Olimpiki huko Sydney mwaka 2000.

Mtu aweza kudhani kwamba huo ni mchezo wa mtu peke yake. Kweli, hakuna awezaye kuogelea kwa mikono ya mwingine. Lakini wanaojizoeza pamoja wajua jambo jingine. Katika baiskeli, aliye mbele hupasua upepo, na anayemfuata hupata nafuu. Kwa hiyo hupokezana: huyu atangulia kidogo, kisha arudi nyuma, na mwingine ashike zamu. Hata majini, anayefuata karibu na miguu ya mwenzake hutumia nguvu chache. Tena asubuhi ya baridi, wakati kitanda ni kitamu, mara nyingi kinachomwondoa mtu nyumbani ni kujua kwamba mwenzake amesimama njiani akimngoja.

Wako ndugu wawili Waingereza wa tumbo moja, Alistair na Jonathan Brownlee, waliojizoeza pamoja tangu ujana huko Yorkshire. Mwezi wa Agosti mwaka 2016, katika Olimpiki ya Rio de Janeiro, mkubwa alipata dhahabu na mdogo fedha. Mwezi mmoja baadaye walishindana tena katika kisiwa cha Cozumel, Meksiko, siku ya joto kali. Jonathan alikuwa mbele ya wote. Akishinda, alikuwa na tumaini la kuwa bingwa wa dunia wa mwaka ule. Lakini zilipobaki meta mia chache tu, joto lilimzidi. Miguu ikalegea, akayumba kama mlevi, akasimama kando ya njia.

Nyuma yake walikuja wawili, Alistair na Henri Schoeman wa Afrika Kusini. Schoeman aliendelea akashinda, wala hakufanya kosa lolote. Alistair naye angaliweza kushindania ushindi ule. Badala yake alimshika ndugu yake, akauweka mkono wake begani, wakakimbia pamoja hivyo hivyo mpaka mwisho. Walipofika mstarini alimsukuma mbele, yule mgonjwa akawa wa pili, na yeye mwenyewe wa tatu. Jonathan aliukosa ubingwa wa dunia kwa pointi nne, akapelekwa hospitali.

Sikilizeni jambo moja zaidi. Baadaye Alistair alimlaumu ndugu yake waziwazi kwamba hakupima mwendo wake vizuri. Lawama hiyo ilikuwa ya haki. Lakini angalieni mpango wake: kwanza alimshika, kisha akamlaumu.

Wapenzi, je, sisi hatufanyi kinyume? Mwenzetu akiacha kuonekana ibadani, twaulizana mlangoni, “Fulani siku hizi yuko wapi?” Mmoja ajibu kwamba ameanza kunywa, mwingine kwamba ana madeni. Twatikisa vichwa, twaingia ndani na kuimba. Lawama tumekwisha kutoa, wala hakuna aliyekwenda kubisha hodi kwake. Labda tumeogopa kuchelewa katika mbio zetu wenyewe.

Mtume Paulo, katika sura ya sita ya waraka wake kwa Wagalatia, atufundisha mambo mawili yanayoonekana kupingana: kwamba tusaidiane mizigo, na kwamba kila mtu anao wake wa kuchukua. Wale wachezaji watufahamisha. Alistair hakuweza kukimbia badala ya ndugu yake. Miguu ya Jonathan ilibidi ikanyage yenyewe. Lakini bega la kuegemea aliweza kumpa. Wahenga walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Basi juma hili, kila mmoja wetu na amfikirie mtu mmoja aliyelegea njiani. Tusimpelekee hotuba. Tumpelekee bega, na neno la kuonya lingoje mpaka amepata pumzi.

Na tuombe. Ee Bwana, utusamehe kwa kuwapita ndugu zetu. Utupe macho ya kuwaona, na moyo wa kusimama, hata ikiwa tutafika wa tatu. Amina.