Puli Bila Vipimo

Mteja anaingia karakana na simu mkononi: "Fundi, nitengenezee puli kama hii ya mashine ya posho. Pesa ngapi?" Picha safi, hata kivuli cha mpigaji kimo. Kipimo hakuna hata kimoja. Sasa fundi ataje bei ya nini?

Tundu la puli la inchi 1 ni milimita 25.4. Ukichomeka humo shafti ya milimita 25, puli inacheza, na puli inayocheza hula belti. Kwa macho huwezi kuona tofauti.

Basi mteja, chora, hata nyuma ya risiti. Andika upana wa puli, kipenyo cha nje, tundu, mfereji ni wa belti ya aina A au B, na kila namba useme ni inchi ama milimita. Taja aina ya chuma, na unataka ngapi. Una puli kuukuu? Ilete, lakini mweleze fundi palipolika, la sivyo ataiga ule ubovu.

Nawe fundi, uliza bila haya. Mchoro ukikamilika, tieni sahihi nyote wawili kabla ya malipo ya kwanza.